Bendera ya Kyrgyzstan: kwanini jua lake lilinyooshwa, na lile duara la katikati ni kitu gani

Swali lilikuja hivi, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita, wamepewa kazi ya kuchora bendera ya nchi moja ya Asia ya Kati. Kachagua Kyrgyzstan kwa sababu ni rangi mbili tu na jua. Kachora kwa kuangalia atlasi ya kaka yake, kaambiwa kakosea. Mi mwenyewe nikaenda kutafuta picha za Olimpiki ya Paris 2024 kwenye simu, kweli bendera sio ile ya kwenye atlasi, miale haifanani. Sasa ipi ya kweli? Na lile jua mbona katikati lina kitu kama mpira wa tenisi? Na nyekundu yote ile, ni mambo ya Ukomunisti?"

Marahaba mama. Kwanza mwambie mtoto asihuzunike, kachora bendera ya kweli kabisa, tatizo ni kwamba kachora ya mpaka mwisho wa mwaka 2023. Bunge lao, linaitwa Jogorku Kenesh, lilipitisha sheria ya kuibadili tarehe 20 Desemba 2023, Rais Sadyr Japarov akasaini siku mbili baadae, na baada ya hapo ndo wakaanza kupandisha mpya. Kwahiyo atlasi yoyote iliyochapwa kabla ya hapo inayo ile ya zamani, na wala sio kosa la aliyechapa. Ukiziweka pembeni kwa pembeni utaona uwanja mwekundu ule ule, jua la njano lile lile, miale 40 ile ile. Tofauti kubwa ni kwamba miale ya zamani ilikuwa imejipinda kama ndimi za moto, zote zimeelekea upande mmoja kama feni inayozunguka, na ya sasa imenyooka moja kwa moja kama spoku za baiskeli. Na lile duara la katikati nalo wakalichora upya, mistari ikakaa sawa zaidi. Basi. Mtu asiyeangalia bendera kila siku kama mimi anaweza kupita hapo bila kushtuka.

Sasa huo "mpira wa tenisi". Hapo umenichekesha maana sio wewe wa kwanza, wengine huwa wananiambia ni mpira wa kikapu. Kile ni paa. Yaani ni kilele cha nyumba, ukiwa umelala chali ndani ukatazama juu, ndo hicho unachokiona.

Wakirgizi wamekuwa wafugaji wa kuhamahama karne na karne, kondoo, farasi, yak (ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu), kupanda milimani kiangazi na kushuka baridi ikianza. Nyumba yao inaitwa boz üy, hema la duara la kufungasha, sisi wengi tunalijua kwa jina la yurt. Ukuta wake ni fito zilizosukwa kama wavu unaokunjuka na kukunjika, wanaziita kerege. Juu ya ukuta zinatoka fito ndefu zinazoinama kuelekea katikati, hizo ni uuk. Na zote hizo uuk zinakutana kwenye duara moja la mbao huko juu, duara limetobolewa matundu kuzunguka ukingo, kila fito inaingia kwenye tundu lake. Hilo duara ndo tunduk. Ndani yake kuna vijiti vilivyopindwa vinavyokatana msalaba, na hiyo ndo mistari ya "tenisi" uliyoiona. Nje wanafunika kwa sufu ya kondoo iliyogandamizwa mpaka ikawa nzito kama zulia, lakini tunduk inaachwa wazi, moshi utoke na mwanga uingie.

Mimi nililala kwenye moja kiangazi kimoja, kule ziwa Song-Köl, mita 3,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba na bado usiku nilivaa soksi mbili. Alfajiri nimelala chali nasikilizia baridi, nikatazama juu. Hapo ndo nikaielewa bendera ambayo nilikuwa naifundisha miaka. Duara juu, msalaba wa vijiti ndani yake, na pande zote fito za uuk zimetoka kwenye duara kama miale, anga ya kijivu inaanza kuwa nyeupe katikati. Jua lilipotoka, mwanga ukaingia na kuchora duara lile lile ukutani upande wa pili, kidogo kidogo linashuka, likapita kwenye masanduku ya nguo, likafika kwenye godoro langu. Mama mwenye nyumba alikuwa anawasha jiko la samadi, nikamuuliza kwa Kirusi changu cha kuokoteza saa ngapi sasa, hakuangalia simu, aliangalia lile duara limefika wapi. Baadae mchana mvua ikaanza, binti yake akatoka nje akavuta kamba, kile kipande cha sufu cha juu kikateleza kikafunika tunduk, ndani giza likaingia mara moja kama mtu kazima taa.

Nakueleza yote hayo kwa sababu vitabu vingi vinaandika "tunduk ni alama ya umoja wa familia" halafu vinaishia hapo, na ukisoma hivyo haikuingii. Ukiiona inavyofanya kazi inakuingia. Ile nyumba haina nguzo ya katikati, mama. Kinachoshika paa lisianguke ni fito zote kusukumana kwa pamoja kwenye lile duara. Wakati wa kusimamisha, mtu mmoja anaingia katikati anainua tunduk juu kwa mti mrefu, wenzake wanachomeka uuk za kwanza kwa kupishana, huku moja na kule moja, maana ukichomeka upande mmoja tu inalalia huko yote. Na tunduk ndo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye nyumba. Sufu inachakaa inabadilishwa, fito zinavunjika zinachongwa nyingine, tunduk inabaki, inarithishwa, na ile iliyopigwa moshi wa miaka mingi mpaka ikawa nyeusi inaheshimiwa kuliko mpya. Hata leo neno halijafa: mfumo wa serikali yao wa huduma za mtandaoni, ule unaotolea vyeti na vitambulisho kwenye simu, wameuita Tunduk. Na majirani zao Wakazakhi wana kitu hicho hicho, wao wanakiita shanyrak, ila hawakukiweka kwenye bendera, wamekiweka katikati ya nembo ya taifa. Ufundi wa kutengeneza hizi nyumba, wa mataifa yote mawili, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014.

Haya, miale 40. Jibu utakalolikuta kila mahali ni kwamba ni makabila au koo 40 zilizounganishwa na shujaa wao Manas. Ni kweli ndo maana rasmi, lakini ukienda na kalamu kuhesabu koo za Wakirgizi hutopata 40 kamili, utapata Bugu, Sarybagysh, Solto, Sayak, Adygine na nyingine nyingi, zimegawanyika kwa "bawa la kulia", "bawa la kushoto" na kundi la kusini linaloitwa Ichkilik. Hiyo 40 sio sensa. Ni namba yenye uzito wake. Kwa Kikirgizi arobaini ni kyrk, na tafsiri wanayoipenda ya jina lao la taifa inaanzia hapo hapo, kwenye kyrk. Manas ana wapiganaji wake wa karibu 40, wanaitwa kyrk choro. Kuna hadithi ya wasichana 40, kyrk kyz. Mtoto akitimiza siku 40 anaogeshwa kwa vijiko 40 vya maji na kuvishwa kijishati kilichoshonwa kwa vipande 40 vya nguo, wanaombaomba kwa majirani. Akifa mtu, siku ya 40 wanakusanyika.

We hapo hauhitaji maelezo, au sio? Mzazi wa pwani anayetoka arobaini, hitima ya arobaini, mwizi na siku zake arobaini. Wazungu ndo huwa nawaeleza nusu saa kwanini 40, sisi na Wakirgizi tunaelewana haraka, dini ni ile ile na ule uzito wa namba tunaujua, ingawa kwao kuna mizizi mingine ya zamani kabla hata Uislamu haujafika kwenye ile milima.

Kuhusu Manas mwenyewe, maana bila yeye bendera haikamiliki. Ni utenzi, na ni utenzi mrefu ajabu. Toleo lililochukuliwa kutoka kwa mghani mmoja, Sayakbay Karalaev, lina mistari kama laki tano. Laki tano, mama, na yule mzee alikuwa anaghani kwa kichwa. Waghani wa aina yake wanaitwa manaschi, na yeye wamemweka kwenye noti yao ya som 500. Kisa chenyewe ni Manas kuzikusanya koo zilizotawanywa, kupigana na maadui waliowafukuza, na kuwarudisha watu kwenye ardhi yao, halafu hadithi inaendelea kwa mwanae Semetey na mjukuu wake Seytek. Na bendera ya vita ya Manas, kwa simulizi lao, ilikuwa nyekundu.

Ndo tunafika kwenye swali lako la Ukomunisti. Serikali itakujibu hapana, nyekundu ni ushujaa na ni ya Manas. Mi nakujibu hapana na ndio. Kyrgyzstan ilikuwa jamhuri ya Kisovieti, na bendera yake kuanzia 1952 ilikuwa nyekundu, nyundo na mundu juu pembeni, na katikati imepita mistari ya bluu ikibana mwembamba mweupe. Wakajitangazia uhuru tarehe 31 Agosti 1991, na bendera ya jua ikapitishwa tarehe 3 Machi 1992, kwahiyo kuna miezi kama sita hivi nchi huru ilikuwa bado inapepea bendera ya zamani. Sasa angalia majirani walifanya nini: Uzbekistan walikuwa na nyekundu ya Kisovieti, wakaiacha ikabaki vijistari vyembamba viwili tu. Kazakhstan wakaitupa yote wakachukua bluu ya anga, tai na jua la miale 32. Turkmenistan wakaenda kijani na wakatandaza zulia zima upande wa mlingoti, nakshi tano za mazulia yao, na naipenda ile hata kama ni kazi ya kumwadhibu mtoto kuichora. Tajikistan walibaki na nyekundu, nyeupe na kijani kama zamani ila kwa mpangilio mpya na taji juu ya nyeupe. Wakirgizi peke yao ndo waliiacha nyekundu ikatawala kitambaa chote. Kwa maoni yangu rangi ilibaki, ila ikabadilishiwa mwenyewe. Watu walishazoea miaka 70 kuona nyekundu juu ya mlingoti, na bahati nzuri kulikuwa na shujaa wa kale ambaye naye alikuwa na nyekundu yake, basi wakamkabidhi.

Sasa kwanini waliibadili 2023. Hapa ndo kwenye utamu.

Ile miale iliyojipinda, ukiitazama na akili ya mtu asiyejua, jua la njano lenye petali petali, inafanana na alizeti. Nurlanbek Shakiev, aliyekuwa Spika wa bunge wakati huo, na mbunge mwenzake Ulan Primov, ndo waliopeleka muswada, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyo: bendera yetu inaonekana alizeti, sio jua. Ungesema basi kuna ubaya gani, alizeti ni mafuta. Lakini kwa Kikirgizi alizeti inaitwa kunkarama, kun ni jua na kara ni kutazama, yaani kinachotazama jua, na mtu akiitwa hivyo ni tusi. Ni mtu asiye na msimamo, anayejigeuza kwa mwenye nguvu, anayeishi kwa kumtegemea mwingine. Kwahiyo hoja ikawa, taifa lililobeba ua la namna hiyo kichwani litasimamaje kwa miguu yake?

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye daladala, kwa sababu sisi mtu wa namna hiyo hiyo tunamwita nani? Bendera fuata upepo! Yaani wao wanaogopa bendera isifanane na ua la kigeugeu, na sisi kwetu bendera yenyewe ndo kigeugeu. Halafu kuna jambo ambalo mkulima wa Singida angewaambia bungeni kule wakamaliza kikao mapema: alizeti changa ndo inageuka na jua, asubuhi mashariki jioni magharibi, ikishakomaa na kuchanua inaacha kugeuka kabisa, inatulia imetazama mashariki mpaka ivunwe. Ua lililochanua, kama lile la kwenye bendera, halimfuati mtu.

Utani pembeni, wapinzani hawakuwa wachache. Watu walikusanyika, wakaandika mitandaoni, wakauliza kwanini pesa na muda viende kwenye bendera wakati umeme wa baridi ni shida, na mwanaharakati mmoja aliyekuwa anaita watu wapinge alikamatwa Desemba hiyo hiyo kwa tuhuma za kuchochea vurugu. Na kulikuwa na uchungu ambao hoja ya ua haiufikii. Ile bendera ya miale iliyojipinda ilikuwepo uwanja wa Ala-Too pale Bishkek mwaka 2005 watu walipomtoa Rais Askar Akayev, na ilikuwepo Aprili 2010 walipomtoa Kurmanbek Bakiyev, siku ambayo risasi zilipigwa na waliokufa walizidi 80. Wengi wao wamezikwa Ata-Beyit, nje kidogo ya mji, mahali pale pale yalipo makaburi ya watu waliouawa na Stalin mwaka 1938. Ukimwambia mzazi wa kijana wa 2010 kwamba kitambaa alichokibeba mwanae kilikuwa na kasoro ya michoro, sidhani kama mtaelewana.

We utauliza msimamo wangu. Kama mchoro tu, mpya ni nzuri. Inasomeka kwa mbali, mtoto anaweza kuichora, na kama nilivyokwambia pale Song-Köl, fito za uuk zikitoka kwenye tunduk zimenyooka, hazijajipinda kama moto, kwahiyo miale ya sasa imekaribia nyumba kuliko ya zamani. Hiyo ndo hoja ambayo ningeitoa mimi kama ningekuwa bungeni. Wao wakaiacha wakaja na ua. Na bendera iliyokaa miaka 31 haibadilishwi kwa mwezi mmoja, muswada ulisomwa mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba, kabla ya mwaka mpya imeisha. Haraka ile ndo iliyowaudhi watu wengi kuliko hata mchoro wenyewe. Kitu kingine kinachonisumbua mimi, ila hakisemwi sana: ile hesabu ya koo 40 ni ya Wakirgizi, na nchi ina Wauzbeki wengi, hasa kusini kule Osh, kuna Warusi, kuna Wadungani, Waislamu wenye asili ya China. Miale haikuongezwa wala kupunguzwa, nafikiri kwa sababu hakuna aliyetaka kulifungua hilo sanduku.

Kuhusu simu yako, usishangae ukiona kijipicha cha bendera kwenye kibodi bado ni cha alizeti, simu ambayo haijasasishwa inabaki na mchoro wa zamani. Na kwenye mitandao zote mbili zipo zimechanganyika, hata kwenye maduka ya zawadi. Kuzitofautisha haraka tazama ncha za miale, zikiwa zimeinama upande mmoja ni ya 1992.

Sasa turudi kwa mtoto, maana kesho ana kazi ya kurudisha. Mwambie achore duara la jua katikati ya karatasi, ndani yake duara la tunduk na vijiti vyake vya kukatana, vikae kama njia panda. Kwenye miale watoto wengi wanaanza kuzunguka tu wanachora mpaka waishie, wanajikuta na 37 au 43 na nafasi imebaki nusu. Aanze na minne, juu, chini, kushoto, kulia. Imebaki mapengo manne. Kila pengo aweke mmoja katikati kabisa, halafu minne huku wa katikati na minne kule, inakuwa tisa kwa kila pengo, mara nne thelathini na sita, na ile minne ya mwanzo arobaini. Rula aishike kwa mkono wa kushoto, penseli asiikandamize, na nyekundu aipake mwisho.